Taa Ikaletwa

Kitabu kililetwa Kibokoni kitiwe jalada,
na mwenyewe, karani wa bandarini, hakurudi kukifuata.
Mchwa walikisoma kabla yetu.
Walianza na maneno, mstari kwa mstari,
picha wakaziacha: karatasi yake nzito,
na wino, alisema Ami Msellem, una ukali wa siki.

Picha kumi na tisa. Kisa hakina kichwa wala mkia,
watu hawana majina.

Basi tukawapa.
Yule bwana mnene aliyekwama dirishani,
miguu nje mvuani, tumbo na heshima ndani,
tulimwita Mudiri Bofulo.
Mwembamba mwenye pua ya kufungulia barua
akawa Wakili Mshipi.
Na mjane ampigaye bata mzinga kwa mwavuli
juu ya meza ya wageni, supu ikiruka,
alikuwa Bi Kidawa wa Kuze, yeye hasa, hata kidevu.
Bi Kidawa alipoonyeshwa alitazama sana,
akauliza: "Na kofia hii nimeitoa wapi?"

Baada ya isha, gundi ikikauka,
Ami alizipanga picha upya, hadithi ikageuka.
Leo Bofulo amekwama akimkimbia mdai,
kesho amekwama akichungulia posa ya watu,
keshokutwa hakukwama, alizaliwa pale pale.
Rukiya alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Shangazi Zuwena hakucheka.
Miaka kumi na mmoja alifanya kazi Kizingo
kwa mzungu wa forodha, nyumba ya ngazi mbili:
moja ya wageni, moja ya sinia.
Aliisogeza picha kwenye karabai.
Kidole kikampita Bofulo, kikampita mjane,
kikaenda pembeni, kwenye giza la mistari iliyokatizana,
kikasimama.
"Na huyu?"

Kijakazi. Kitambaa cheupe kichwani,
uso ambao mchoraji hakuumaliza, mshumaa mkononi.
Tukarudi picha ya kwanza: yumo, nyuma ya pazia.
Ya nne: yumo, sakafuni, aokota vijiko.
Ile ya dirishani: yumo nje, amerowa,
ndiye anayeivuta miguu.
Kumi na nne kati ya kumi na tisa,
na sisi tulikuwa tumezitazama mwaka mzima.
"Mwacheka," akasema shangazi, "na taa mumeshikiwa."

Asubuhi alichukua bizari, hina,
na buluu ya kufulia kanzu,
akamtia rangi yeye peke yake.
Mabwana wakabaki weusi kama walivyochorwa.
Akamvisha leso, na kwenye upindo, kwa ncha ya sindano,
akaandika kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi:
TAA NIMESHIKA MIMI, KUCHEKA MWACHEKA NYINYI.
Ami alilalamika kuhusu mali ya watu.
Kisha akatafuta miwani yake, asome vizuri.

Miaka thelathini baadaye nilikipata kizima,
Mwembe Tayari, chini ya rundo la vitabu vya hesabu.
Kurasa mia saba. Nilikisoma kwa kamusi na kahawa chungu.
Bofulo ana jina refu na shamba la urithi.
Mjane anaolewa. Wakili anafungwa, anastahili.
Yeye nilimtafuta
kama ulimi utafutavyo mwiba wa samaki kwenye wali,
na nilichopata ni hiki:
mlango ukafunguliwa,
vijiko vikaokotwa,
taa ikaletwa.
Na nani, kitabu hakisemi.

Nikapanda ghorofani kwa shangazi.
Masikio yake siku hizi yanachagua la kusikia.
Nikamfasiria kwa sauti, mara mbili.
"Ikaletwa?"
"Ndiyo, shangazi. Ikaletwa."
"Yenyewe?"
Akaiweka chini buli ya chai,
akaanza kucheka, taratibu, kisha kwa mabega,
kisha kwa mwili mzima, machozi yakimtoka,
kucheka ambako Bofulo hakuwahi kukupata kwake.
"Kumbe zao," akasema, "zina miguu."