Siku Tisa, Mbale

Tajiri wa malori amenipa siku tisa.
Injini imefunguliwa matumbo huko Tororo,
nami nimeteremka Mbale na begi, mkate,
na ahadi ya Entebbe: twiga, ziwa, aisikrimu.
Kumbe mvua ya Jumanne imetangulia kula nauli,
imeng'oa mabati mawili juu ya jiko.
Mabati yakanunuliwa. Misumari ikanunuliwa.
Entebbe ikabaki kwenye kalenda ya ukutani,
twiga mmoja wa Aprili, sikio limetafunwa na mende.

Nabulo hakulalamika. Alisema tu,
"Basi usitoke. Hata dukani nitakwenda mimi."

Siku ya kwanza nilikuwa mgeni.
Mafabi, miaka minne, alinichungulia nyuma ya pazia,
akamnong'oneza dadake: "Huyu atalala hapa?"
Kisha akaniletea maji kwa sinia, kama alivyofunzwa,
nusu glasi, nusu zulia.

Siku ya pili, mvua. Umeme ukaenda zake.
Khainza akapindua kochi,
akashika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili,
akanitazama vile tajiri hunitazama.
"Wewe utingo. Panda nyuma."
Nikapanda.
Miaka kumi na minne ya usukani,
nimeshushwa cheo na dereva asiye na meno ya mbele.

Tukapita Tororo, jiwe lake mto wa kochi.
Barabara ya Entebbe, kwa ramani ya Khainza,
hupitia Malaba,
na Malaba iko kati ya kabati na ndoo,
na afisa wa forodha ana unga mpaka viwikoni.
"Mmebeba nini?"
"Mawe," akasema Mafabi.
"Mawe ya nini?"
"Ya kubeba."
Nabulo akaukata uso usicheke, ukakataa.
Akachovya nusu ya kiazi kwenye masizi,
akatugonga muhuri pajini, mmoja mmoja,
hata chura wa plastiki.
Mimi niliyelala foleni ya Malaba usiku tatu,
mbu wakinisoma kuliko wanavyosoma karatasi zangu,
nikavuka kwa kiazi.

Twiga tuliwaona: migomba ya jirani, shingo zimelowa.
Tembo alikuwa tangi la maji, mpole, kutu begani.
Ziwa lilikuwa uani, kina chake kifundo cha mguu.
Mafabi alivua ndala,
zikaelea, akazivua tena kwa fimbo:
samaki wawili, wote wa mguu wa kushoto.

Siku ya tano nilipaza sauti.
Ilikuwa juu ya chai iliyomwagika, kitu cha bure,
lakini ilitoka ile sauti ya kufukuza wezi wa dizeli,
na nyumba nzima ikawa kimya, hata chura.
"Hiyo," Nabulo akasema, "iache barabarani."
Nikaenda kuosha masufuria.
Niliosha yote, hata yaliyokuwa safi.

Jioni alipika malewa kwa karanga,
moshi wa mianzi ukatupatanisha kabla ya maneno.
Mvua ilikuwa imekatika. Wanale ilisimama wazi,
maporomoko yananing'inia mwambani
kama nyuzi zilizosahauliwa na fundi.
"Baba, ukiwa Juba unayaona?"
"Siyaoni."
"Basi hesabu sasa," Khainza akasema, "uende nayo."
Nilihesabu matatu.
Mafabi akasema kumi,
kwa kuwa kumi ndiko hesabu yake inakoishia.
Nikachukua kumi.

Siku ya tisa, alfajiri, simu ya tajiri.
Injini imefungwa, mzigo uko tayari.
Nikavaa shati, nikavaa kiatu cha kulia.
Cha kushoto hakipo chini ya kitanda,
hakipo mlangoni, hakipo jikoni.
Nikakikuta nyuma ya kochi, kimejazwa mawe,
kimegongwa muhuri wa kiazi mara nne au tano,
na Mafabi amelala juu yake, mdomo wazi.
Nikamgusa. Hakufumbua macho.
"Kimekamatwa," akasema. "Hakina karatasi."