Pacha wa Hamimu

Hamimu amezilaza mbili juu ya flana ya manjano,
bega kwa bega, kama watoto waliokwisha kuogeshwa,
nami kimoyomoyo nimeshazipa majina:
Bukuru, milioni tatu na laki moja,
Butoyi, milioni mbili na laki mbili.
Kwetu Kasulu mapacha hawatafutiwi jina,
huja nalo.

"Jicho lao ni moja," anasema. "Vidoti sawa, rangi sawa,
hata betri wanaazimana."
Nazipeleka mlangoni, moja baada ya nyingine,
naelekeza barabarani, hapa Mwanga panapoteremka kwenda ziwani:
madumu ya mawese, wekundu ule unaonishinda kila siku,
mama anayeyafuta kwa upindo wa kanga,
jua linaloteleza juu ya helmeti ya bodaboda.
Hakuna mlio. Yangu ya zamani ina kioo tumboni,
hupiga kacha! kama mlango wa choo cha stesheni,
na wazee wa Ujiji hukaza shingo mpaka waisikie.
Hizi hazina kioo. Zinakuchukua, hujui umechukuliwa.

Nalinganisha. Mawese ni mawese.

"Sasa laki tisa ni za nini, Hamimu?"
Anafungua kijifuniko ubavuni. Bukuru ana vyumba viwili vya kadi,
kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule.
Butoyi ana kimoja. Halafu Bukuru, mkono ukitetemeka,
yeye hutulia kwa niaba yako.
"Na rahisi, dada Ansila, huvunja upishi."

Ya mkono sijamwambia mtu.
Ni huu wa kulia, tangu masika ya mwaka jana,
kidogo tu, kama kijiko ndani ya kikombe treni ikipita.
Ya kadi mji mzima unajua: harusi ya Shamila,
bibi yake aliyeinuka kitini baada ya miaka sita,
akacheza hatua nne, akaketi.
Simu zote zilikuwa zimemwelekea bwana harusi.
Mimi peke yangu nilimpata bibi,
na kadi ikafa usiku uleule, ndani ya mfuko wangu.
Shamila alinisamehe. Ila tukikutana sokoni,
kabla salamu haijapoa:
"Hazijapatikana?"

Laki tisa ni mabati thelathini.
Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko picha wiki hii.
Napiga simu Kasulu. Mama anasema hajambo,
mvua ni ya kawaida, kitanda amekisogeza
"upande ule wa kabati, si mbali."
Si mbali. Nyumba yenyewe ina pande ngapi?

"Nipe Butoyi," namwambia Hamimu,
na kabla hajafungua mdomo: "Na kadi tano, zile ndogo ndogo."
Nitazibadilisha kila baada ya nusu saa,
nitazifunga kwenye pindo la kitenge kama nauli,
nitaegemea nguzo, ukuta, bega la mpambe,
nitavuta pumzi niibane,
na mkono utajifunza au hautajifunza.

Namhesabia, naye anahesabu tena. Noti zinanuka sanduku.
Bukuru amebaki peke yake juu ya flana,
kifuniko cha lenzi kimefungwa,
kama mtu aliyeambiwa asubiri nje.
Kwetu ukimpa pacha mmoja kitu, na mwenzake umpe,
asije akanuna ukaugua wewe.
Nikapekua pochi. Sarafu ya mia mbili.
Nikaiweka ubavuni pake.

"Hii nayo ya nini?" Hamimu akauliza.
"Si yako," nikasema.