Kabichi za Genovaitė

Haikulipuka. Hilo ndilo la kwanza watu kuuliza,
na walipojibiwa, wengine walishusha pumzi
kama mtu aliyenyimwa kitu.

Ilikuwa Oktoba, kijijini Beržynė, huko Lithuania,
ukungu umelala mashambani kama ng'ombe asiyetaka kunyanyuka.
Ndege ya abiria sabini na mmoja, injini zote mbili kimya,
ilishuka kwa tumbo katika kabichi za Genovaitė
wiki moja kabla ya kuvunwa.

Alitoka na koleo mkononi,
buti za marehemu mumewe miguuni,
akaona vichwa.
Vichwa vimetapakaa hadi mtaroni,
vingine vimepasuka, vyeupe ndani.
Akapiga yowe, na hadi leo kinyozi Stasys huapa
kuwa yowe lile ndilo lililokata sikio la mteja,
si wembe.

Kisha akakikanyaga kimoja. Kikalia kwaa.
Majani.
Akaketi kwenye tope akacheka,
akacheka huku mlango wa ndege ukifunguka
na watu wazima wenye tai na mikoba
wakiteleza kwa makalio, mmoja mmoja,
kama watoto wa chekechea.

Aliyekufa: hakuna.
Aliyevunjika: rubani msaidizi, kifundo cha mguu,
na yeye aliangushwa na kabichi, si na ndege.

Kufikia adhuhuri barabara imeziba.
Wamekuja wa blanketi, wamekuja wa kamera,
na wa supu, ndani ya ndoo ya maziwa.
Kazimieras, ambaye hajapanda kitu kirefu kushinda ngazi,
alisimama mbele ya duka akaeleza kosa la rubani,
mkono wa kulia ukiwa bawa,
wa kushoto ukilinda bia isimwagike.
Mama mmoja alileta kichanga chake kiguse bati, kipate bahati.
Jirani yake akamvuta wake nyuma: mkosi huambukiza.
Padri akasema muujiza. Mhandisi akasema hesabu.
Wakasalimiana, wakagawana sigara.

Mwanamke wa kiti cha kumi na nne hakusema neno.
Alimwomba Genovaitė kisu kwa ishara,
akaketi kizingitini akakata kabichi,
nyembamba, nyembamba zaidi,
pipa zima, mpaka giza likaingia,
mpaka mikono ikakubali kuwa yake tena.

Siku tisa baadaye ndege nyingine ilianguka, mbali, baharini.
Huko hakubaki wa kuulizwa.
Kamera zikahama usiku uleule.
Beržynė ikawasha mishumaa madirishani
kwa watu ambao majina yao hakuna aliyeweza kuyatamka,
na Kazimieras, kwa mara ya kwanza, hakuwa na maelezo.
Genovaitė aliwasha wake akauzima,
akauwasha tena.
Aliniambia: niliona haya.
Mimi nilikuwa nimelalamikia kabichi.

Mtu wa bima alikuja na daftari.
"Vichwa vingapi?" akauliza.
"Sabini na moja, na wahudumu," akajibu mama,
naye akaandika, akafuta, akamtazama,
akakubali chai.

Nilifika Februari, theluji imeziba mtaro.
Shambani hapakuwa na cha kuona,
mwinuko tu, mrefu, kama mtu aliyelala chini ya shuka.
Akashuka chini ya sakafu, akafungua lile pipa,
harufu kali ikapanda ngazi kabla yake.
Tulikula kimya. Ilikuwa chachu. Ilikuwa nzuri.
Katikati ya sahani yangu nikauma kitu kigumu,
nikakitema kiganjani:
kifungo, cheupe, cha mkono wa shati, na uzi wake bado.

Hakushangaa. Alikipangusa kwa aproni,
akakitia mfukoni.
Nikamuuliza atakifanyia nini.
Akaniuliza kama nitaongeza viazi.