Tatu au Nane

Naweka kiganja juu ya kaunta
kama mtu anayetaka kusomewa bahati.
Hii hapa, afande. Niliiandika palepale,
vumbi la lori halijatua,
kwa kalamu ninayoandikia madeni ya mikate.
Hiyo ya chini usiisome, ni ya Mama Shija.

Koplo Nyanjige anavaa miwani.
Kwanza anataka habari za baiskeli.
Ina kengele? Inayo.
Breki? Ya nyuma ipo. Ya mbele ni kiatu changu.
Na wewe ulikuwa upande gani wa barabara?
Upande unaobaki, afande,
kati ya mstari mweupe na mtaro,
upana wa kiwiko.

Namweleza: Pasiansi, saa kumi na mbili asubuhi,
ziwa halijapata rangi.
Lori la mchanga. Halikunigusa.
Upepo wake ndio ulionitupa,
mimi upande huu, kreti upande ule,
na mikate arobaini na miwili majini.
Akapiga honi alipokwisha kupita.
Si ya kuonya. Ya kuaga.

Shahidi?
Makorongo wawili wa jalalani.
Walifika kabla sijasimama
na ushahidi wakaula.

Hacheki. Anavuta mkono wangu karibu na dirisha:
T, sita, moja,
kisha jasho.
"Hii ni tatu au nane?"

Naweza kusema nane.
Kalamu yake imeshainama, inasubiri.
Lakini mjini humu yupo mwenye nane,
huenda saa hii anasukuma gari bovu Mabatini,
au amempakia mkwewe kwenda Bugando,
na kesho aitwe hapa, avuliwe mkanda na viatu,
kwa sababu ya jasho langu.

"Sijui, afande."

Kimya. Feni inazunguka bila upepo.
Anachukua rula. Anaandika sita, moja,
halafu anachora kisanduku kitupu,
taratibu, pembe zote nne.
"Wengi," anasema, "huja hapa wana uhakika."

Natoka na kipande cha karatasi chenye namba ya jalada
na rimu ya mbele imepinda kama ulimi.
Kalamu nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi.
Kesho mteremko ni uleule.

Usiku nanawa mikono. Lori linatoka kwanza.
Kisha deni la Mama Shija,
ambalo nalo, nikiulizwa,
sijui kama ni tatu au nane.