Ombi la Mguu

Gurami aliingia gereji na mfuko wa plastiki,
akauweka mezani kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.
Ndani, vilango viwili vya hewa, vya injini:
kimoja cha Kutaisi, kingine kilikuja kwa posta kutoka Ujerumani,
vyote vizima, vyote vimesingiziwa.
"Nestani," akasema, "cha tatu kimo garini,
na bado linakata nguvu mlimani."

Rustavi, Februari. Theluji chafu mlangoni.
Gari la Amerika; liligongwa hukohuko,
likavuka maji na shavu la kushoto limebonyea,
likanyooshwa hapa, likapakwa rangi,
likawa jipya kwa maneno.

Taa ya injini inawaka. Mashine yangu inasema:
sensa mbili za kilango hazipatani.
Haisemi nani mwongo.
Watu husoma neno "kilango", wakaenda dukani.

Zamani pedeli ilivuta kebo, kebo ikavuta kilango;
ukikanyaga, umefungua.
Siku hizi mguu hauvuti kitu. Mguu unaomba.
Ombi hupita kwenye waya hadi kompyuta,
kompyuta huwauliza mashahidi wawili,
na wasipoafikiana
hukupa mwendo wa mgonjwa, ujikongoje hadi nyumbani.
Siilaumu. Nimewahi kuona gari
lililokimbia bila kuambiwa.

Nikachoma sindano za mita nyuma ya soketi.
Shahidi wa kwanza: sifuri nukta nane.
Wa pili: nne nukta mbili.
Mmoja akipanda mwenziwe hushuka,
ila wajumlishe: tano. Daima tano.
Gurami alikanyaga taratibu, nami nikahesabu kwa sauti
kama muuza jibini, tano, tano, tano.
"Unaona! Hapa kwako halina ugonjwa."
Hata jino huacha kuuma mlangoni kwa daktari.

Nikamuuliza: mlimani tu? Na tambarare je?
Mlimani tu. Barabara ya Gombori, kona ya tatu,
siku aliyompeleka mama yake kumzika dadaye,
malori yakipiga honi nyuma,
mama kimya, maua mapajani.
Hilo la maua sikumuuliza.

Basi nikaufikiria mlima.
Mlima huifanya nini injini? Huiinamisha.
Ikibeba mzigo huegemea raba zake,
upana wa kidole tu, kuelekea kushoto.
Upande uliogongwa.

Nikatia kabari kwenye magurudumu, nikasimama ubavuni.
"Breki, kwa nguvu zako zote. Tia gia. Sasa mafuta, kidogo.
Kidogo, nimesema!"
Injini ikageuza bega.
Tano. Tano. Tano.
Moja nukta mbili.
Shahidi wa pili amenyamaza katikati ya sentensi.
"Achia!" Tano.

Chini ya trei ya betri, mahali ambapo fundi wa bodi
alirudisha kila kitu isipokuwa klipu moja,
waya wa kijani ulikuwa ukisuguana na ncha ya chuma,
kila mlima kidogo, kila mlima kidogo,
mpaka shaba ikatoka nje, inang'aa.
Nilimwita aje aone. Aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.
"Huo?"
Huo.
Akaugusa kwa ukucha, akatukana kwa upole,
sijui alimtukana nani.

Nikaunga, nikafunga, nikatafuta klipu kwenye kopo la biskuti.
Ncha ya chuma nikaipiga tupa hadi ikawa butu.
Vilango vyake viwili hakuvichukua;
vipo rafuni, kando ya birika, navyo havidaiwi chochote.

Jioni simu ililia. Hakusema hata salamu.
Aliishika tu dirishani, nadhani,
nikasikia upepo, na injini ikipanda, ikipanda,
na nyuma kabisa sauti ya mwanamke mzee
ikimwambia apunguze mwendo.