Mkono Usiokaa na Kitu

Alipofika chuoni, Novemba ya vumbi,
nilimpima kwa jicho kabla ya kumsalimu:
Mhina Semkiwa, mita mbili kasoro kidole,
viatu vya kuazima, vidole vimekunjwa ndani.
Nikaandika daftarini: CHINI YA KIKAPU.
Urefu ulinitosha. Sikumuuliza lingine.

Muhula na nusu nilimsukuma pale,
kwenye uwanja wetu wa saruji, Chumbageni,
ambako ubao mmoja una ufa
na pete yake imelala upande
kama kofia ya mlevi.
"Tanua! Weka mgongo! Usimpishe!"
Naye akasimama kama mgeni aliyekosa mkeka,
akimwomba radhi kila aliyemgonga.
Wenzake wakamwita Mnazi:
mrefu, na hauendi popote.

Jioni, peke yake, alirusha mitupo ya mbali.
Kumi, zikaingia mbili.
Kumi, ikaingia moja.
"Kocha," aliniambia, "anayefunga ndiye anayetajwa."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na filimbi,
nikaipuliza.

Juni tulipita kwao Muheza kumjulia hali mama yake.
Lori lilikuwa likipakiwa, vijana wamejipanga
toka kwenye rundo hadi kwenye bodi,
na machungwa yanapita hewani, mawili mawili.
Mhina akavua fulana ya chuo, akaingia katikati.

Nimefundisha miaka kumi na minne.
Nilikaa juu ya kreti nikasahau chai.
Hakuangalia chungwa. Aliangalia anayefuata.
Lilimfika, na kabla halijamfika lilishaondoka:
kwa yule mfupi, usawa wa kiuno;
kwa yule anayetumia kushoto, kushoto;
na kwa yule aliyefungwa kitambaa kidoleni
alilituma polepole, likatua kiganjani
kana kwamba limewekwa.
Halikudondoka hata moja.
Mama yake alicheka: "Huyo? Tangu ana miaka saba.
Mkono wake haukai na kitu."

Usiku ule nilifuta nilichoandika
hadi karatasi ikatoboka.

Nikamtoa chini, nikampandisha
hadi kwenye mstari wa mitupo huru, mgongo kwa goli.
"Hapa ndipo katikati ya mstari," nikamwambia. "Lori liko nyuma yako."
Hakufurahi.
"Katikati hakuna jina, kocha."
Wiki mbili alipasia watu ambao hawajafika bado.
Mpira ulimpata Shekalaghe puani, damu ikatoka,
ugomvi nusura uzuke.
Ndipo nikaona kosa si lake:
yeye alikuwa anatuma mahali mtu atakapokuwa,
na sisi tulikuwa tumezoea kusimama na kuita.
Basi tukajifunza sote kukimbia bila kuomba.
Mitupo yake ya mbali sikuikataza.
Kumi kila jioni, ruksa.
Sikumsifu sana vilevile; mgema ana masikio.

Agosti tukacheza na wale wa Korogwe.
Tulifungwa, sitaficha: sitini kwa hamsini na nane,
na mtupo wa mwisho ulikuwa wake,
wa mbali, ukagonga chuma ukarudi.
Pointi nne. Lakini pasi kumi na tatu
zilizomkuta mtu yuko peke yake na kikapu,
ameshangaa, kama aliyeokota pesa.
Katika robo ya tatu alipasia nyuma ya kichwa
bila kugeuka, na benchi la Korogwe,
benchi la Korogwe lenyewe, likasimama.

Mama yake akapiga simu usiku.
Alisikiliza redio tangu mwanzo.
"Mbona mwanangu hawamtaji?"
"Shekalaghe walimtaja?"
"Hao, mpaka nikachoka."
"Kila walipomtaja, mama,
aliyetangulia kushika mpira ni Mhina."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake wakihangaika bandani.
Kisha akauliza kama viatu bado vinambana.

Vinambana.
Nimeandika barua ya tatu kwa mhasibu wa chuo.
Namba kumi na tano, nimesema, si kumi na tatu,
na tafadhali, kabla ya Novemba.