Vipande

Ilipasuka Jumanne. Hakuna aliyesikia;
kule juu hakuna hewa ya kuchukua kishindo.
Alhamisi, kabla ya adhana, niko paani Kuze
kati ya tangi la maji na shuka za jirani,
darubini mkononi, saa ya mbio shingoni,
naingoja setilaiti moja kwa dakika yake.

Kikaja kipande. Halafu kingine.
Halafu kidogo, chapepesa kama taa ya chooni kwetu,
chajigeuza: ubavu wa mwanga, ubavu wa giza.
Nimeandika hadi kumi na saba, kalamu ikagoma,
nikamalizia kwa wanja wa Salha.

Mchana mimi ni karani Kilindini.
Kontena lina namba ubavuni, lina mwenyewe, lina ushuru.
Hivi havina. Nikavipa majina ya ndugu zangu
nisije nikavichanganya.

Badi yuko chini, hewa nyembamba yamkwaruza,
kila siku yuwahi zaidi ya jana. Hamalizi mwaka.
Shekuwe alisukumwa mbele, nikadhani atatangulia.
Hesabu ikanicheka:
asukumwaye mbele hupanda,
apandaye njia humrefukia,
na wenziwe wakishapita ndipo yeye atokeza.
Nikairudia mara tatu nyuma ya fomu ya forodha.
Ni kweli.

Mama akaita toka ngazini:
"Wahesabu nini huko yuu, na huku tini hujalipa stima?"
Vipande, nikasema.
"Vya nini?"
Vya kitu kilichokuwa kimoja.

Akanyamaza. Tulikuwa sita sisi,
hadi siku ile ya hati ya nyumba, jikoni,
na sufuria ya pojo ikiungua hakuna wa kuiepua.

Sikumwambia hili:
kwamba kila kipande, cha juu na cha chini,
njia yake ingali yapita pale pale kilipovunjikia.
Hupita tu. Havikutani.
Badi huja Idi mosi, asubuhi.
Shekuwe huja Idi pili,
akishauliza kwa simu kama kikombe cha Badi kimeoshwa.

Leo mama amepanda. Ameketi juu ya ndoo,
miguu yamuuma, hasemi.
Nikamwekea darubini machoni, nikamshika kiwiko:
pale, upande wa Makupa, yuaja, yuatoka kivulini.
"Huyu nani?"
Badi.

Akamfuata mpaka akapotelea mwangani kule Nyali,
akanirudishia darubini.
"Amekonda," akasema.